Virusi vya kompyuta si mvua ya masika: ni sisi tunaoviachia mlango wazi

Katika miji yetu ya mashariki mwa Kongo, kuna hukumu moja ambayo karibu kila mwenye kompyuta amekwisha kuisikia. Unapeleka mashine kwa fundi kwa sababu imekuwa nzito, au kwa sababu mafaili yamepotea kwenye flashi. Fundi anaitazama kidogo, anatikisa kichwa, anasema: "Imejaa virusi. Tuiformati." Unalipa, kila kitu kinafutwa, Windows inawekwa upya. Baada ya miezi michache unarudi kwa fundi yuleyule na ugonjwa uleule.

Watu wengi wamekubali jambo hili kama mtu anavyokubali mvua ya masika. Wanasema kompyuta ndivyo zilivyo. Lakini si kweli. Kuna kompyuta zinazofanya kazi miaka mingi bila kusumbuliwa na virusi, na si kwa sababu wenye nazo ni matajiri au wana bahati. Zimejengwa kwa namna nyingine, na zaidi ya hapo zinatunzwa kwa namna nyingine. Nataka kueleza tofauti hiyo, kisha niseme wazi: sehemu kubwa ya virusi vinavyotutesa tunavialika sisi wenyewe, na vyuo vyetu, shule zetu na ofisi za serikali ndizo zinapaswa kuwa za kwanza kubadilika.

Mtu asidhani kwamba hili ni jambo la vijana wa mtandao tu. Leo TFC ya mwanafunzi iko ndani ya flashi. Orodha ya wagonjwa wa kituo cha afya iko ndani ya kompyuta moja mezani. Matokeo ya wanafunzi, majina ya wanachama wa kooperative, barua za komini, mapatano ya kuuziana kiwanja, vyote vimeandikwa katika mashine hizi. Na sisi ni watu tunaojua kukimbia. Mwezi Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na wakaaji wa Goma wakaambiwa waondoke, wengi walibeba mtoto, godoro na mfuko mmoja. Vita vimewafukuza wengine mara nyingi zaidi ya volkeno. Kwa mtu aliyeacha nyumba, flashi ndogo ndani ya mfuko inaweza kuwa ndiyo shule yake, kazi yake na ushahidi wa shamba lake. Virusi vikiila flashi hiyo, hakuna wa kumwandikia upya.

Hoja ya soko

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kila kompyuta ina programu moja kubwa inayosimamia nyingine zote: inaamua nani aandike kwenye diski, nani atumie kibodi, nani aingie kwenye intaneti. Hiyo ndiyo inaitwa mfumo wa uendeshaji. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mmojawapo, na ndio tunaouona karibu kila mahali. Kompyuta za Apple zina mfumo wao, macOS. Kuna Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland, na ambayo kila mtu anaruhusiwa kuinakili na kuigawa bure. Kwenye simu kuna Android na iOS ya iPhone.

Ukimuuliza mtu kwa nini Windows inaugua zaidi, jibu la haraka ni hili: kwa sababu ndiyo inayotumiwa na wengi. Mwizi wa mifuko haendi kwenye njia isiyo na watu. Anaenda Kadutu siku ya soko. Anayeandika virusi naye anataka kupata watu wengi kwa kazi moja, na duniani kote Windows bado imo ndani ya zaidi ya nusu ya kompyuta za mezani na za mkononi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 2012, wakati Mac zilipokuwa zimeongezeka, kirusi kilichoitwa Flashback kiliingia ndani ya Mac zaidi ya 600.000 kupitia ufa wa programu ya Java. Waliokuwa wakijivuna kwamba Mac haiwezi kuugua walinyamaza.

Lakini hoja ya soko haitoshi. Kompyuta kubwa zinazobeba intaneti, zile zinazohifadhi kurasa tunazosoma na pesa tunazotumiana, nyingi zinatumia Linux. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zilizo kwenye orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinatumia Linux. Hapo ndipo penye mali ya kweli. Kama wingi na utajiri vingekuwa sababu pekee, wezi wangekuwa wamezimaliza zamani. Wanazijaribu kila siku, na mara nyingine wanafaulu, lakini hatuoni kule ugonjwa tunaouona kwenye kompyuta zetu za mezani. Kwa hiyo kuna sababu nyingine, na mimi naziona tatu.

Nani anashika ufunguo

Ya kwanza ni ufunguo. Chukua nyumba ya wapangaji. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake, na mwenye nyumba peke yake ana ufunguo wa vyumba vyote. Mgeni mbaya akiingia kwa mpangaji mmoja, ataiba vya chumba kile, lakini hatafika kwa wengine wala hatabadilisha kufuli la mlango mkubwa.

Linux na macOS zinatoka katika ukoo wa Unix, mfumo uliozaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani. Wakati ule kompyuta moja ilikuwa ikitumiwa na watu wengi kwa pamoja, basi ilibidi kuwatenganisha. Tangu mwanzo mtumiaji wa kawaida alikuwa na chumba chake, na msimamizi alikuwa na ufunguo mkubwa. Mpaka leo, ukitaka kubadilisha kitu cha mfumo wenyewe kwenye Linux, unaulizwa neno la siri. Kwa kawaida programu iliyoingia kwa siri haiwezi kujiingiza ndani ya kuta za nyumba bila wewe kujua.

Windows ilikuwa na historia nyingine. Ilikulia juu ya kompyuta ya mtu mmoja, nyumbani au ofisini, ambako hakukuwa na wapangaji. Katika Windows 95 na 98, kila aliyekaa mbele ya mashine alikuwa bwana wa kila kitu, na kila programu aliyoifungua ilikuwa na nguvu zake zote. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilijua kutenganisha watumiaji, lakini watu wengi waliendelea kuitumia kama wasimamizi. Ni kwa Windows Vista, iliyofika madukani mapema mwaka 2007, ndipo lile dirisha la kuuliza "unaruhusu?" lilipotokea. Watu walilichukia, mafundi wakajifunza kulizima. Na mpaka leo, hapa kwetu, kompyuta nyingi zina jina moja tu la mtumiaji, ambalo ni la msimamizi, halina neno la siri, na kila anayepita analitumia: baba, watoto, jirani na mgeni.

Kuna jambo jingine dogo lenye madhara makubwa. Katika Windows, faili inajulikana kuwa programu kwa herufi za mwisho wa jina lake, na kwa kawaida herufi hizo zimefichwa. Mwezi Mei 2000, barua-pepe yenye maneno "ILOVEYOU" ilizunguka dunia kutoka Ufilipino. Iliyoambatanishwa ilionekana kama maandishi ya mapenzi, lakini mwisho wa jina ulikuwa umefichwa, na kumbe ni programu. Mamilioni ya watu waliifungua. Kwenye Linux, faili iliyotoka nje haiwezi kuanza kazi kama programu kwa sababu ya jina tu. Lazima mwenye kompyuta aipe ruhusa hiyo kwanza.

Programu inatoka wapi

Sababu ya pili ni mahali tunapopata programu. Mtumiaji wa Linux akitaka programu, kwa kawaida hatembei akiitafuta mtandaoni. Anafungua ghala la mfumo wake, anachagua, na kila kinachotoka humo kina alama ya siri inayothibitisha kwamba hakikubadilishwa njiani. iPhone nayo inafuata njia hiyo: kwa kawaida programu zinatoka katika duka la Apple.

Mfano wa Android unatufundisha zaidi, kwa sababu karibu kila mmoja wetu anao mkononi. Android imejengwa juu ya Linux. Kama jina Linux lingekuwa dawa peke yake, simu zetu zisingeugua. Lakini zinaugua, tena sana. Kwa nini? Kwa sababu Android inaruhusu kupokea programu kutoka popote, na sisi tunatumiana programu kwa Bluetooth na Xender kama tunavyotumiana nyimbo. Zile WhatsApp zilizobadilishwa, kama ile ya GB, hazitoki kwa kampuni yenye WhatsApp na hazipatikani Play Store. Anayeiweka anampa mtu asiyemjua ruhusa ya kukaa kati yake na barua zake zote.

Kwenye kompyuta tunafanya vibaya kuliko kwenye simu. Windows yenye leseni inauzwa zaidi ya dola 100, na familia nyingi hapa hazina pesa hiyo. Basi tunaweka nakala ya kuibia. Ili nakala ikubali kufanya kazi, fundi anatumia kiprogramu cha kuvunja kufuli, na mara nyingi maelezo ya kiprogramu hicho yanaanza kwa maneno haya: zima antivirusi kwanza. Tulitazame jambo hili bila kupepesa macho. Siku ya kwanza kabisa ya maisha ya kompyuta, tunamfukuza mlinzi, tunamfungulia mlango mtu tusiyemjua, tunampa ufunguo wa vyumba vyote, kisha tunamrudisha mlinzi na kumwambia alinde. Halafu baada ya miezi mitatu tunashangaa.

Ufa usiozibwa

Sababu ya tatu ni marekebisho. Hakuna mfumo usio na nyufa. Waandishi wa programu ni watu, na watu wanakosea. Mdudu wa kwanza kuenea sana kwenye intaneti, tarehe 2 Novemba 1988, ulishambulia kompyuta za Unix, si za Windows. Mwaka 2016, Mirai ilikamata kamera na vifaa vingine vingi vya mtandao vilivyotumia Linux, kwa sababu wenye navyo waliacha neno la siri la kiwandani. Basi kinachotofautisha mfumo na mfumo si kuwa na ufa au kutokuwa nao. Ni muda gani unapita kabla ufa haujazibwa, na je, simenti inakufikia?

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa dawa ya ufa mmoja mbaya wa Windows. Tarehe 12 Mei mwaka uleule, karibu miezi miwili baadaye, WannaCry ilipita ndani ya ufa huohuo, ikafunga mafaili na kudai pesa. Iligusa kompyuta zaidi ya 200.000 katika nchi kama 150. Huko Uingereza, hospitali za serikali ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Kompyuta zilizokuwa zimepokea dawa hazikupitiwa na ufa ule.

Hapa kwetu, kompyuta ngapi zinapokea dawa? Fundi amezima marekebisho kwa sababu anaogopa Microsoft itagundua nakala ya kuibia. Na hata mwenye leseni anayazima kwa sababu marekebisho yanakula mega, na mega tunazinunua kwa franka zilizokuwa za unga. Sebuleni kwetu wako Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10, iliyoachwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mtumba zinazofika kwetu kutoka ng'ambo hazikubaliki kwa Windows 11 kwa sababu zimezeeka. Maana yake ni kwamba nyufa zinaongezeka kila mwezi na hakuna anayekuja na simenti.

Ni haki kuisifu Windows pale inapostahili. Windows mpya, yenye leseni, inayopokea marekebisho, na mlinzi wake Defender akiwa kazini, ni mfumo wenye ulinzi mzuri. Windows inayougua kwetu si ile iliyotoka kiwandani. Ni ile tuliyoivunja sisi kwanza.

Kisima kimoja, mji mzima

Mtu anaweza kusema: kompyuta ni yangu, virusi ni vyangu, inakuhusu nini? Inatuhusu wote, kwa sababu ya flashi. Katika nchi za intaneti rahisi, watu wanatumiana mafaili hewani. Sisi tunabeba flashi. Mwanafunzi anaandika nyumbani, anachapisha kwenye duka la fotokopi karibu na chuo, mwalimu anachukua flashi na kuichomeka kwenye kompyuta ya kitivo. Duka moja linapokea flashi nyingi kwa siku. Kompyuta yake ikiwa na virusi, ni kisima kimoja kichafu kwa mtaa mzima.

Watu wa Goma wanajua kipindupindu. Wanajua kwamba kumpa mgonjwa seramu ni lazima, lakini ugonjwa hauishi mpaka maji yamewekwa klorini pale ziwani, kabla ndoo haijafika nyumbani. Fundi anayeformati ni seramu. Hakuna anayeweka klorini kisimani.

Conficker ilituonyesha jambo hili. Ilitokea Novemba 2008, ikapita kwenye mitandao na kwenye flashi, kwa kutumia tabia ya Windows ya wakati ule ya kuanzisha yenyewe programu iliyo ndani ya flashi. Mamilioni ya kompyuta ziliambukizwa. Mwezi Februari 2011, Microsoft ilituma marekebisho ya kuzima tabia hiyo kwenye Windows za zamani. Waliozima marekebisho hawakuyapata.

Na vile virusi vya flashi tunavyovijua sote, vinavyoficha mafaili yako na kuweka badala yake vialama vya njia ya mkato? Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Chomeka flashi hiyohiyo kwenye kompyuta ya Linux: utaona mafaili yako yote yamekaa mahali pake, na kando yake kile kiprogramu kigeni kimelala, hakiwezi kufanya lolote. Wako waliolipa ili "kufufua" TFC ambayo haikuwa imekufa. Ilikuwa imefichwa tu.

Tufanye nini

Maoni yangu ni haya. Kompyuta za umma ambazo kazi yake ni kuandika, kuchapisha, kuhesabu na kufungua intaneti hazina sababu ya kuendeshwa na Windows ya kuibia. Ziwekewe Linux. Hiyo ni kusema maabara za shule na vyuo, meza za komini, vituo vya afya, na pia maduka ya fotokopi yanayotaka kulinda wateja wake. Ni bure kisheria, inafanya kazi kwenye mashine za zamani, na kuinakili kutoka flashi hadi flashi si wizi: ndivyo wenye kuiandika walivyotaka. Moja inayojulikana sana, Ubuntu, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake halihitaji kutafsiriwa kwetu; ni utu, ni bumuntu.

Nazisikia hoja za kupinga, na zina uzito. Watumishi wamezoea Word. Ni kweli, LibreOffice inafungua mafaili ya Word, lakini mara nyingine mpangilio wa ukurasa unasogea, na mtu atalalamika. Kuna programu za uhasibu ambazo ziko kwa Windows tu. Ni kweli pia. Ofisi hiyo inunue leseni kwa mashine moja au mbili zinazozihitaji, na izitunze. Mafundi hawajui Linux. Basi wafundishwe, kwa kuwa tuna vitivo vya informatiki karibu katika kila mji, na wanafunzi wanaomaliza wakitafuta kazi.

Tusidanganyane kwamba kuhama ni rahisi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na mwaka 2017 halmashauri yake ikapiga kura ya kurudi Windows; mpaka leo watu wanabishana kwa nini. Kwa upande mwingine, Gendarmerie ya Ufaransa ilianza safari hiyo polepole, kwanza programu za kuandikia mwaka 2005, kisha mfumo wenyewe miaka iliyofuata, na leo makumi ya maelfu ya kompyuta zake zinatumia Ubuntu yake. Mimi najifunza humo kitu kimoja: usibadilishe yote usiku mmoja. Anza na programu, watu wazoee, kisha badilisha nyumba.

Kuhusu mega, kuna jibu ambalo liko ndani ya uwezo wetu. Chuo kimoja chenye muunganisho mzuri kinaweza kupakua marekebisho mara moja na kuyagawa kwa mashine zake zote, na hata kwa wakaaji wanaokuja na flashi zao. Chombo cha kufanya hivyo hakiuzwi, kipo. Mji ukiwa na mahali pamoja pa namna hiyo, mama mwenye duka la fotokopi hatalazimika kuchagua kati ya unga na simenti ya kompyuta yake.

Serikali nayo ina wajibu wake. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inayoadhibu wahalifu wa mtandao. Ni vizuri. Lakini sheria inamfuata mwizi akishaingia, haifungi mlango. Serikali ikinunua kompyuta kwa ajili ya ofisi zake, ieleze katika mkataba ni mfumo gani, leseni iko wapi, na nani ataleta marekebisho kwa miaka mingapi. Kompyuta bila majibu hayo ni kama kununua gari bila kuuliza kama lina breki.

Na kwa msomaji ambaye ana mashine moja tu nyumbani, asiyetaka au asiyeweza kubadilisha mfumo, yako mambo manne ambayo hayalipiwi. Tengeneza jina la pili la mtumiaji lisilo la msimamizi, na watoto watumie hilo. Iambie Windows ionyeshe herufi za mwisho wa majina ya mafaili. Usikubali fundi akuzimie antivirusi wala marekebisho. Muulize anaweka nini na ametoa wapi. Na kazi yako ya thamani iwe na nakala mbili zinazolala mahali tofauti, moja iwe kwa ndugu au rafiki unayemwamini.

Hakuna mfumo wenye chanjo ya kila kitu, na anayekuambia Linux haipati virusi kabisa anakudanganya sawa na anayekuambia virusi ni majaliwa. Kuna nyumba zenye milango na nyumba zisizo na milango. Kwa miaka mingi tumekaa ndani ya nyumba ambazo tulizing'oa milango wenyewe ili tusilipe kodi, kisha tukawa tunalipa fundi kila baada ya miezi mitatu. Tuhesabu vizuri tuone kipi ni ghali. Na hesabu hiyo ianze pale ambapo watoto wetu wanajifunza kugusa kibodi kwa mara ya kwanza: shuleni.